Funguo za Duka la Mtandaoni Zibaki kwa Mwenye Duka

Matini ya mazungumzo kwa wafanyabiashara wa Nyamache kuhusu kupokea malipo kupitia tovuti



Siku ya soko hapa Nyamache hakuna anayeuliza fedha zinapita wapi. Mnunuzi anatoa noti, muuzaji anahesabu na kurudisha chenji, mkungu wa ndizi unapanda bodaboda. Hata simu ilipoingia katika biashara, M-Pesa ilipoanza Machi 2007 na Lipa na M-Pesa mwaka 2013, watu wawili bado walisimama wakitazamana. "Imeingia?" "Imeingia." Basi, biashara imekwisha.

Duka la mtandaoni linaondoa huko kutazamana. Mteja yuko Mombasa, au yuko Minnesota kule Marekani walikohamia Abagusii wengi, na muuzaji yuko Nyamache. Katikati yao anaingia mtu wa tatu ambaye hakuna kati yao anayemwona. Huyo ndiye lango la malipo.

Lango la malipo ni kampuni yenye programu yake. Hupokea ombi kutoka kwenye tovuti, hulipeleka M-Pesa au katika benki iliyotoa kadi ya mteja, kisha hurudisha jibu dukani: amelipa au hajalipa. Mara nyingi fedha zenyewe hukaa kwake kwa muda kabla ya kufika katika akaunti ya mwenye duka. Kwa sababu hiyo, kulichagua na kulisajili si kazi ya kumwachia kijana wa kompyuta peke yake, hata kama kijana huyo ni mwanao.

Chukua mfano wa mama anayesaga wimbi na kuufunga katika mifuko ya kilo mbili. Ni mfano tu, lakini kila aliye hapa anamfahamu mmoja kama yeye. Wateja wake wa Nairobi wamemwomba afungue tovuti. Kijana wa jirani anaijenga kwa siku tatu, na kazi ni safi. Siku ya kuomba nambari ya till mama yuko shambani anachuma chai, kwa hiyo kijana anatumia kitambulisho chake. Barua pepe iliyosajiliwa kwenye lango la malipo ni ya kijana. Laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho ni ya kijana. Akaunti ya benki ambako lango linapeleka fedha za kadi, vilevile ni ya kijana, "kwa muda tu".

Miezi sita baadaye kijana anapata kazi Nairobi na kubadilisha laini. Hakuna aliyeiba chochote. Lakini fedha za unga zimo mahali ambapo mwenye unga hawezi kuingia. Akipiga simu kwa kampuni ataulizwa kitambulisho cha mwenye akaunti, na kampuni ina haki ya kuuliza hivyo. Kwenye karatasi, duka hilo si lake. Watu huogopa sana wezi wa mtandaoni, na wezi wapo kweli, lakini mpangilio wa namna hii unaweza kumtoa mtu katika biashara yake bila mwizi yeyote kuhusika.

Dawa yake ni ya mwanzoni kabisa, kabla tovuti haijajengwa. Jina la biashara lisajiliwe kupitia eCitizen, kwa jina la mwenyewe au la kikundi. Akaunti ya benki ifunguliwe kwa jina hilohilo. Ianzishwe barua pepe ya biashara, siyo ya mtu, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwenye biashara, laini ambayo haitauzwa wala kuazimwa. Vitu hivyo vikiwa tayari, ndipo kijana aitwe. Kwa kikundi cha akina mama au cha wachongaji, afadhali wahusika wawili wawe na ruhusa ya kuingia, kila mmoja kwa nywila yake, ili mmoja akiugua au akisafiri duka lisifungwe.

Sasa, njia zenyewe. Iliyo nyepesi ni kuandika nambari ya till kwenye tovuti na kumwachia mteja alipe mwenyewe. Inafaa kwa duka la oda tano au sita kwa siku, na hakuna aibu kuanzia hapo. Ubaya wake ni kwamba mtu lazima akae akilinganisha ujumbe wa simu na oda moja baada ya nyingine.

Njia ya pili ni kuunganisha tovuti na M-Pesa moja kwa moja. Safaricom ilifungua njia hiyo mwaka 2017 kwa jina la Daraja. Kijana anayejua programu hujisajili, hupewa uwanja wa majaribio usiohusisha fedha halisi za wateja, na akimaliza huomba kuhamia kazi halisi. Hapo ndipo hutolewa funguo za siri, yaani maandishi marefu yanayoiwezesha tovuti kuzungumza na M-Pesa kwa niaba ya biashara. Mteja akibonyeza "Lipa", kidirisha hujitokeza kwenye simu yake kikionyesha kiasi na kuomba PIN.

Njia ya tatu ni kampuni inayokusanya malipo ya aina nyingi mahali pamoja. Pesapal, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2009, ni mojawapo ya zinazofahamika sana. DPO ni nyingine. Hizi hupokea M-Pesa na pia kadi za benki, na ndizo zinazomfaa mchongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka ambaye mnunuzi wake yuko Ulaya na hana M-Pesa. Tovuti za WooCommerce huunganishwa nazo kwa kuongeza programu ndogo ya kiunganishi, bila kuandika kila kitu upya.

Vyovyote itakavyochaguliwa, kuna jambo moja ambalo mwenye duka anapaswa kumwuliza kijana wake bila kuona haya, hata kama hajui kompyuta: tovuti hii inajuaje kwamba mteja amelipa?

Swali hilo lina sababu. Tovuti ikituma ombi kupitia Daraja hupata majibu mara mbili. La kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa. La pili huja baadaye, mteja akishaweka PIN au akishakataa, na ndilo lenye habari kamili. Likija na namba sufuri, malipo yamefaulu. Likija na 1032, mteja ameghairi. Likija na 1, salio lake halikutosha. Tovuti iliyojengwa kwa haraka inaweza kuona lile jibu la kwanza, ikaandika "Asante kwa kulipa", na mfuko wa wimbi ukapanda matatu ya kwenda Nairobi bila hata shilingi kuingia.

Tena jibu la pili huenda lisifike. Umeme umepotea, mtandao umelala, au kompyuta inayobeba tovuti imezimika kwa dakika mbili. Mteja amelipa kweli, lakini duka halijui. Tovuti nzuri haingoji tu, baada ya muda hurudi kuuliza, "Muamala huu umefikia wapi?" Pia hukagua kwamba kiasi kilicholipwa ni sawa na bei ya oda, na kwamba namba ya muamala haijatumika kwa oda nyingine. Mteja wa shilingi 10 asipewe mzigo wa shilingi 1,000 kwa sababu tu "malipo yamefaulu".

Kuhusu picha za ujumbe wa M-Pesa zinazotumwa kwa WhatsApp, neno ni fupi. Picha si malipo. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote mwenye simu. Mzigo uondoke baada ya malipo kuonekana katika taarifa ya till au ya lango lenyewe, hata kama mteja anapiga simu kila dakika akisema bodaboda anamngoja.

Gharama nazo zinahitaji kutazamwa kwa jicho kali, kwa kuwa hukatwa kidogokidogo. Tuseme kinyago kinauzwa shilingi 4,000 na lango linakata asilimia 3.5 kwa malipo ya kadi. Hapo zimeondoka shilingi 140. Kama tovuti iko Shopify, kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipatikani kwa maduka ya Kenya, kwa hiyo lazima litumike lango la kampuni nyingine, na Shopify hutoza ada ya ziada kwa kutumia lango la nje. Kwa kifurushi cha Basic ada hiyo ni asilimia 2, yaani shilingi 80 nyingine. Katika 4,000 zimebaki 3,780, na posta bado haijalipwa. WooCommerce haikati asilimia hiyo, ingawa mwenye duka hulipia mahali pa kuweka tovuti na mtu wa kuitunza. Bei ya kinyago ipangwe baada ya hesabu hii kufanywa, isije ikafanywa baadaye kwa masikitiko.

Kwa oda kubwa, ikumbukwe kwamba muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Hoteli inayotaka sahani za mawe za nusu milioni itapelekwa benki.

Kabla ya kutia sahihi na kampuni yoyote, mwenye duka aangalie kama imeidhinishwa na Benki Kuu ya Kenya. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kitaifa ya mwaka 2011 inaipa Benki Kuu mamlaka hayo, na orodha ya walioidhinishwa hutolewa katika tovuti yake. Hili si jambo la makaratasi tu. Mwezi Julai 2022 Benki Kuu ilitangaza kwamba Flutterwave na Chipper Cash, kampuni zenye jina kubwa Afrika, hazikuwa na leseni ya kufanya kazi hiyo nchini, ikaagiza mabenki yaache kushughulika nazo. Muuzaji mdogo ambaye lango lake limefungiwa mlango na benki hana la kufanya ila kungoja, na wimbi haungoji.

Kisha kuna kurudisha fedha. Mteja wa M-Pesa asiyeridhika atapiga simu. Mteja wa kadi anaweza kwenda kwa benki yake na kupinga malipo, hata wiki kadhaa baadaye, na lango litamtaka mwenye duka athibitishe kwamba mzigo ulifika. Asipokuwa na ushahidi, fedha zinarudi kwa mteja na kinyago kimeshaenda. Kwa hiyo risiti ya kifurushi cha matatu, stakabadhi ya posta, au sahihi ya aliyepokea, vyote vihifadhiwe pamoja na namba ya oda. Masharti ya kurudisha bidhaa yaandikwe kwenye tovuti kwa lugha ambayo mteja anaielewa, kabla ya kitufe cha kulipa.

Namba za kadi za wateja zisiandikwe daftarini wala zisiombwe kwa WhatsApp. Mteja azijaze katika ukurasa wa lango lenyewe. Majina, simu na anwani za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Si za kugawiwa jirani anayetaka kutangaza biashara yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na lango la malipo halijaibadilisha methali hiyo. Kila jioni kuna hesabu tatu za kuweka kando kwa kando: oda zilizoonekana kulipwa kwenye tovuti, malipo yaliyo katika taarifa ya lango, na fedha zilizofika benki au kwenye till. Hesabu ya tatu itakuwa ndogo kwa sababu ya makato na siku za kungoja, lakini tofauti iweze kuelezwa. Isiyoelezeka ifuatiliwe kesho yake asubuhi, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Daftari hilo ndilo litakalosaidia pia kwa KRA. Mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka na yasiyozidi milioni 25 huweza kuwa chini ya kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3, nayo hukokotolewa kwa mauzo yote, si kwa kilichobaki baada ya lango kukata chake.

Kijana aliyejenga tovuti akiondoka, aagwe vizuri, alipwe chake, na siku hiyohiyo nywila na funguo za siri zibadilishwe. Si kumshuku. Hata mwenye nyumba aliyeagana vizuri na mpangaji hubadilisha kufuli.

Na kabla tovuti haijatangazwa popote, mwenye duka ajinunulie mwenyewe bidhaa ya shilingi 10. Alipe mara ya kwanza hadi mwisho. Mara ya pili aghairi kidirisha cha PIN kikitokea. Mara ya tatu azime simu katikati. Mara ya nne alipe, kisha aombe fedha zirudishwe, na ahesabu siku zitakazopita kabla hazijarudi. Baada ya kila jaribio afungue tovuti, taarifa ya lango na akaunti, aone kama zote tatu zinasema jambo moja. Zikitofautiana, kijana aitwe tena, wakati bado kilichomo hatarini ni shilingi 10.