Mkono Wako Unajifunza Nini Usiku?



Vijana wenzangu, nimeombwa nizungumze kuhusu tabia njema kazini, na najua wengi mkisikia hivyo mnaanza kuangalia simu. Basi tuanze na kazi yenyewe. Ni nani hapa ameshawahi kumwandikia mwanafunzi wa ng'ambo insha yake akalipwa kwa dola? Usinyooshe mkono. Mimi nitanyoosha wangu.

Nilifanya kazi hiyo karibu miaka miwili. Nimemaliza chuo, ajira hakuna, mama anangojea kodi ya nyumba. Rafiki yangu akaniingiza kwenye akaunti yake, tukawa twagawana. Saa nne usiku oda inaingia: kurasa sita, kutunza kidonda cha mgonjwa wa sukari, iwe tayari kabla ya saa kumi na moja. Mimi nilisomea biashara! Nasoma huku naandika, adhana ya alfajiri inanikuta bado napanga marejeleo. Pesa ikiingia nasema alhamdulillahi. Ndiyo, nilikuwa nasema hivyo.

Sikuja kumcheka mtu anayetafuta riziki. Na yule anayekwambia "acha tu" bila kuuliza utakula nini, huyo naye hajafikiria sana.

Kuna mwanachuoni mmoja Mwajemi, Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030. Hakuwa mtu wa kukaa pangoni. Aliajiriwa na wakubwa wa dola ya Buwayhi, akawatunzia maktaba, yaani alikuwa na bosi kama wewe. Katika kitabu chake Tahdhib al-Akhlaq alichukua mambo manne yaliyojadiliwa na Wagiriki, Plato na Aristotle, akayapokea kama ya kwetu: hekima, kujizuia, ushujaa na uadilifu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akayaweka manne hayohayo ndani ya Ihya. Na Miskawayh ana neno moja zito: anayejitenga na watu hana pa kuonyesha uadilifu wala kujizuia, nguvu zake zinalala tu. Kwa hivyo mtihani wako uko kazini, dukani na ndani ya matatu.

Haya, nikajipima. Hekima ni kujua unachokiuza. Nilidhani nauza maandishi, kumbe nauza alama za mtu asiyejua kusafisha kidonda. Kwenye uadilifu nilikuwa na hoja yangu tayari: mnunuzi ameridhika, mimi nimeridhika, ni nani aliyedhulumiwa? Ndugu yangu, kuna mgonjwa. Atalala mbele ya huyo muuguzi siku moja, na yeye hakuulizwa kama ameridhika. Kuna pia mwanafunzi aliyekesha akaandika yake mwenyewe, akapata alama chache kuliko zangu. Huko England wamepitisha sheria mwaka 2022 kwamba kuwauzia wanafunzi wao kazi kama hizi ni kosa la jinai, hata kutangaza tu.

Kujizuia ndiko kulikonifedhehesha zaidi. Nilipopiga hesabu, kodi ya mama ilitoshwa na oda nne kwa mwezi. Zilizobaki zilikuwa za viatu na simu.

Lakini kilichonitikisa si hesabu. Kampuni moja iliniandikia, inataka mfano wa maandishi yangu. Nilikuwa nimeandika mamia ya kurasa, na sikuwa na hata ukurasa mmoja wenye jina langu. Ghazali anatoa mfano wa mtu anayetaka kuwa hodari wa hati: hana njia ila mkono wake uige kazi ya mwandishi bingwa, mara kwa mara, mpaka iwe tabia yake. Nikajiuliza, mkono wangu miaka hii miwili umekuwa ukijifunza nini kila usiku? Kuandika, sawa. Na kujificha pia. Nilianza kuona kudanganya umri wa bidhaa, au kutia risiti ya uongo, ni jambo dogo dogo tu.

Sasa ushujaa. Wazee hawa wanauweka katikati: upande mmoja woga, upande wa pili kujitosa bila kufikiri. Kuacha kesho asubuhi huna senti na mama ana deni, hiyo yaweza kuwa kujitosa tu. Kusema "nitaacha mwakani" kila mwaka, huo ni woga uliovaa kanzu. Mimi ilinichukua miezi mitano. Nilianza kukataa oda za uuguzi na udaktari, nikashika kazi za kunukuu sauti na kutafsiri, zinazolipa kidogo. Mwezi wa tatu nilimwambia mama ukweli kwa nini pesa imepungua. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama nimekula.

Kumwambia rafiki yangu kulikuwa kugumu zaidi. Alinisaidia nilipokuwa sina kitu, na mgao wake ukapotea kwa sababu yangu. Alinijibu, "Ushashiba, ndiyo wajifanya sheikh." Mpaka leo tukikutana msikitini salamu yake ni ya haraka. Sina jibu la kumpa, na deni lake la wema bado liko shingoni mwangu.

Tuna muda wa maswali kabla ya Isha. Mwenye swali asilotaka lisikike na wengine, anifuate pale kwenye viatu.