NASAHA KWA WANAFUNZI WANAOKWENDA KUFANYA MAZOEZI YA KAZI ZA SHERIA YA JINAI

(Maneno ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya wanafunzi na walimu wao)



Nimeombwa niseme machache kabla hamjatawanyika. Baadhi yenu mtakwenda polisi, wengine Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, wengine mahakamani, na wengine Chuo cha Mafunzo, ambalo ndilo jina la jela kwetu Unguja na Pemba. Vifungu mmeshasomeshwa; Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 na Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 2018 mnazijua kunishinda. Mimi nitasema juu ya kalamu.

Akija bibi akakwambieni kuwa jambo limetokea saa mbili za usiku, msiandike 2:00. Saa hiyo ni 20:00. Akisema usiku wa Ijumaa, hapana budi aulizwe: ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe baada ya Magharibi? Wazee wetu huhisabu siku tangu kuchwa kwa jua, na usiku wao wa Ijumaa aghlabu ni Alkhamisi katika kalenda ya mahakama. Asipoulizwa, hati ya mashtaka itataja siku moja na shahidi siku nyingine. Wakili wa utetezi atasimama, na kusimama ni haki yake. Hapo mtoto aliyedhalilishwa ataonekana mwongo mbele za watu. Au mtu mwengine atalala rumande kwa usiku ambao yeye alikuwa dagoni na wavuvi wenziwe. Waliopita chuoni wanakumbuka: ukisoma ha mahali pa kha, aliyeumba huwa aliyenyoa. Mwalimu hakutusamehe herufi hiyo, nasi tulimwona mkali.

Andikeni maneno kama yalivyosemwa, hata yakiwa ya Kitumbatu au ya Kimakunduchi. Msiyasafishe. Neno msilolifahamu, mwulizeni mwenyewe maana yake, kisha mwandike yote mawili.

La pili ni muhali. Visiwa vyetu ni vidogo, na haitapita wiki mbili ila jalada litafunguliwa mkute jina la shemeji au la jirani. Siku hiyo hiyo mwarifuni mkuu wenu kwa maandishi, na jalada lile msiliguse tena. Msingoje mpaka mama mkubwa aje nyumbani kukuombeni "mambo yaishe kifamilia". Akishakaa jamvini, kumkatalia ni kuzito mno; nasema hivi kwa kuwa nami nina mama wakubwa. Wala barazani pasizungumzwe habari za jalada lolote.

Watakaopangiwa vituo vya Mkono kwa Mkono, vilivyoanza mwaka 2011 katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, wafahamu kuwa vimewekwa ili daktari, polisi na mshauri wakutane na mtoto mahali pamoja, asisimulie msiba wake kila mlango. Basi mwanafunzi asimwite pembeni amhoji upya kwa ajili ya ripoti yake ya skuli.

Na wanaokwenda Mafunzo wakumbuke kuwa si kila wanayemkuta ndani amehukumiwa. Aliyeko rumande, kwa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, huhisabiwa hana kosa mpaka lithibitike. Msimwite mhalifu, hata kwa mzaha.

Orodha ya sehemu mlizopangiwa iko kwa mwalimu wenu. Sasa naomba masuala.