UDONGO WA JAA LA TAKA NA MAJI YETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama waliokuwa likizoni Katangi)



Mmetuuliza kama yafaa tuchange fedha, tukodi lori, tulete udongo wa jaa la Dandora uwe mbolea ya mashamba yetu. Twajua mashamba yamechoka, na udongo ule ni mweusi, wapendeza macho. Lakini jibu letu ni hapana, na yatupasa kueleza sababu.

Jaa la Dandora lilianza mwaka 1975, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo magari hayakuacha kumwaga taka. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za watoto 328 wa jirani na jaa waliopimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiasi kilichohesabiwa kuwa cha hatari. Risasi haiozi kama ganda la ndizi. Tukiutia udongo ule shambani, itakaa humo, na vitukuu vyetu wataikuta.

Tena taka hiyo haingoji lori. Mvua ikinyesha juu ya jaa, maji hupenya kati ya vyakula vilivyooza, betri na rangi, yakatokea chini yakiwa meusi na machungu. Dandora iko kando ya Mto Nairobi. Mto Nairobi huingia Athi, na Athi hupita Fourteen Falls ukashuka kando ya Yatta yetu. Jaa si mkosaji wa peke yake, maana maji ya vyoo na ya viwanda yamo pia. Lakini anayechimba mchanga wa mto wakati wa kiangazi apate debe moja la maji hawezi kuyatenga.

Ndugu, sisi watu wa reli twajua kazi ya mtaro. Tuta likishika maji hulegea, na mataruma huzama. Ndiyo maana gengi husafisha mitaro kabla ya masika. Mlima wa taka ni vivyo hivyo. Mwezi wa Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Dawa yake yajulikana. Jaa jipya hutandikwa chini udongo wa mfinyanzi na plastiki nene, na juu yake mabomba yenye matundu yaliyofunikwa kokoto. Maji meusi hukusanywa katika bwawa, hupulizwa hewa ili vijidudu vile uchafu, kisha hupitishwa polepole katika matete. Tope linalobaki lina madini, nalo lazima litunzwe mbali na mto.

Na taka ya zamani yaweza kufaa. Huko Tel Aviv, mwaka 1953, walifukua jaa, wakachekecha, wakapata udongo wa mashamba ya matunda. Lakini taka ya leo ina betri na plastiki nyingi. Kwa hiyo hupimwa kwanza. Chuma huenda kuyeyushwa, na udongo usiofaa kwa chakula hutumika kufunikia taka nyingine ndani ya jaa. Asiyepima hatumii tena taka, bali aihamisha tu.

Basi twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, asiletwe mtu yeyote udongo wa jaa Katangi bila karatasi ya maabara. Pili, tawi letu liandikie serikali ya kaunti, maji ya visima vya mchanga kando ya Athi yapimwe. Tatu, tuchimbe mashimo ya mbolea hapa sokoni kwa mwethya, kama wazee wetu walivyochimba matuta. Maganda na majani tunayo. Sheria ya taka ya mwaka 2022 nayo yataka kila nyumba itenge vinavyooza na visivyooza, kwa hiyo hatutafanya jambo geni.

Wala tusiwasahau wale wanaookota chuma na plastiki juu ya jaa bila glovu wala viatu. Hao ni wafanyakazi kama sisi. Wakidai haki yao, chama chetu kisikae kimya.

Anayekubali na ainue mkono.