Kisu cha Chuma Chakavu na Amana ya Mhunzi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, tunajiusia sisi wenyewe na nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Tumeulizwa swali na kijana mmoja anayejifunza uhunzi. Kazi yao ni kutengeneza visu na mapanga kwa chuma chakavu, na hununua chuma hicho kwa watu wapitao na magunia na mikokoteni. Ameuliza: je, pato lao ni halali? Swali hili ni zito kuliko linavyodhaniwa, nasi tumeona lijibiwe mbele ya wote.

Kwanza, kazi yenyewe ni tukufu. Sura nzima ya Kurani, ya 57, imeitwa kwa jina la chuma, na humo tunafunzwa kwamba katika chuma mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma, akaamrishwa kufuma deraya na kuzipima pete zake sawasawa, na katika aya iyo hiyo, ya 11 ya Suratu Saba, ikafuata amri ya kutenda mema. Sahaba Khabbab bin al-Aratt (R.A.) alikuwa mhunzi mjini Makka. Alimtengenezea upanga Al-As bin Wail, na alipokwenda kudai haki yake, aliambiwa hatalipwa mpaka amkane Muhammad. Akakataa. Wako wahunzi wengi leo wanaozungushwa kulipwa na watu wanaosali nao safu moja, na hao wajue wanafuata mwendo wa nani.

Aliyepita Kamukunji, mjini Nairobi, au Gerezani, mjini Dar es Salaam, ameziona nyundo hizo zikilia. Mhunzi hodari huchukua jani la springi ya lori lililovunjika, kwa sababu chuma kile kimechanganywa kaboni ya kutosha kushika makali. Hukitia katika moto wa mkaa, hukifua juu ya fuawe, hukichonga kwa tupa. Kisha hukipasha tena, hata sumaku isikishike, akakitosa katika mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu, lakini huvunjika upesi mithili ya kioo. Basi hukirejesha kwenye moto mdogo mpaka kipate rangi ya majani makavu, ndipo kikawa kisu cha kutegemewa. Ni elimu hii, wala si kazi ya watu walioshindwa na masomo, kama baadhi ya wazee wanavyowaambia watoto wao.

Sasa turudi kwenye magunia. Springi iliyovunjika, ikanunuliwa gereji kwa mwenyewe, ni mali safi. Lakini vyuma vya reli, vya kingo za madaraja, vya minara ya umeme, hivyo vina mwenyewe, na mwenyewe ni umma mzima. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliisimamisha kwa muda biashara ya chuma chakavu kwa sababu ya hujuma za namna hiyo. Anayeng'oa kifungo cha reli huuza kwa thamani ya mlo mmoja, na treni ikapinduka na roho za watu. Mwizi hamiliki alichoiba, basi hawezi kukiuza mauzo ya halali. Na anayenunua huku anajua, ni mshirika wake katika dhambi. Asiyejua, lakini akaona dalili, kama vile chuma kipya kinachouzwa usiku kwa bei ya kutupa, na aache, kwani Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba ajiepushaye na yenye shaka ameisalimisha dini yake na heshima yake. Kijana wetu ametaja pia kwamba fuawe yao ni kipande cha reli. Tunamwambia: amwulize mwalimu wake, kwa adabu, kilitoka wapi.

Liko na jambo la pili, nalo hakuliuliza. Wapo wanaochukua nondo ya kujengea, ambayo ni chuma laini kisichogumika hata ukitose mara saba, wakaking'arisha na kukiuza kwa jina la springi. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, alimkana mwenye kudanganya kwamba si katika sisi. Na udanganyifu huu haukomi kwenye fedha ya mnunuzi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kinacholazimu katika kuchinja ni kukatwa koo la pumzi na umio. Na kisu kikiwa butu hata kisikate ila kwa nguvu za mchinjaji kukigandamiza, nyama ile si halali. Tazameni basi: mhunzi mmoja amedanganya, na nyumba nzima imekula kibudu siku ya Idi.

Ninyi wanunuzi, kijaribuni kisu kwanza kwenye ukucha wa mwanzi au kamba, msiridhike na mng'ao. Kinoeni usiku wa kuamkia kuchinja, wala si mbele ya mnyama, Mtume (S.A.W.) alimkemea mtu aliyemlaza kondoo naye huku ananoa, akamwuliza kama anataka kumwua mara mbili. Na mkimpa mtu kisu, mpeni kwa upande wa mpini.

Ewe Mola wetu, wabariki wenye kula kwa jasho la mikono yao, utupe riziki ya halali, uwalinde wasafiri wetu wa reli na barabara. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.