NYUMBA YA MJI, NYUMBA YA WOTE
Hotuba ya mwalimu wa dini mbele ya wakristu na wageni, siku ya Jubilei ya parokia



Halmashauri ya Jubilei imeniomba niseme maneno machache juu ya nyumba kubwa za kale ambamo watu wa miji ya Ubelgiji wanapokea wageni, wanafunga ndoa na kufanya sikukuu zao. Labda mtu atauliza: Nyumba za mbali namna hiyo zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu moja. Sisi pia tuna sale yetu, na kila mwaka mabishano yale yale yanarudi. Wengine wanataka ifungwe kwa kufuli ili isiharibike. Wengine wanataka ipangishwe kwa kila mwenye pesa. Watu wa miji ile wamelibeba neno hilo mikononi kwa miaka mia sita. Inafaa tusikie walivyolitengeneza, na tena pale waliposhindwa.

Nachagua kwanza nyumba ya mji wa Bruges. Jiwe lake la kwanza liliwekwa mwaka 1376, na kazi ilimalizika mwaka 1421. Ilijengwa kwa namna ile iitwayo gotiki: matao yenye ncha, madirisha marefu membamba, na sanamu nyingi ukutani. Wengi wetu tukisikia neno gotiki tunafikiri kanisa tu. Lakini nyumba hii si kanisa. Ni nyumba ya baraza, ambamo wenye kutunza soko, kodi na amani ya mji walikutana.

Juu ya ngazi kuna ukumbi unaoitwa hata leo Ukumbi wa Gotiki. Fahari yake ni dari yake, iliyomalizika mwaka 1402. Si dari ya mawe. Ni ya mwaloni, mti mgumu wa Ulaya, na inaning'inia juu ya vichwa vya watu kama matawi ya msitu yaliyofungwa pamoja. Pale mbao zinapokutana mafundi walichonga habari za Agano Jipya. Chini yake, kwenye mawe yanayobeba dari, walichonga miezi 12 ya mwaka, pamoja na vitu 4 ambavyo watu wa kale walidhani ulimwengu umefanyizwa navyo: udongo, maji, hewa na moto. Basi aliyeingia kushitaki au kushitakiwa aliona juu yake Injili na majira ya mwaka pamoja.

Ndani ya nyumba hiyo mambo makubwa yalifanyika. Mwaka 1464 mtawala wa Burgundia, Philippe le Bon, aliita wajumbe wa majimbo yake waje Bruges. Walikaa pamoja kwa mara ya kwanza, na mkutano huo unahesabiwa kuwa mwanzo wa bunge la nchi zile. Lakini mimi naona kwamba jambo linaloweka uzima katika nyumba za namna hii si mikutano ya watawala. Ni ndoa.

Katiba ya Ubelgiji ya mwaka 1831 iliamuru kwamba ndoa ya serikali itangulie baraka ya kanisani. Tangu hapo wachumba wanapashwa kufika kwanza mbele ya burugumestri au msaidizi wake, wakisindikizwa na jamaa zao, kabla ya kwenda kwa padri. Katika mji wa Bruxelles wanapanda ngazi za nyumba ya mji iliyoanza kujengwa mwaka 1402, yenye mnara wa metre 96, na juu ya mnara sanamu ya Mikaeli Malaika Mkuu. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mfagiaji wa barabara wanaingia kwa mlango ule ule na kusomewa sheria ile ile. Hata ndugu zetu Wakongomani wanaokaa katika mji ule wanapanda ngazi hizo. Saa moja baadaye wengine wanawafuata. Hivi nyumba ya kale haigeuki kaburi. Watu wanasema: Hapa ndipo baba na mama walipooana.

Ndugu, upendo huo umejulikana siku za msiba. Mwezi wa Agosti 1695 majeshi ya mfalme wa Ufaransa yalipiga Bruxelles kwa mizinga siku tatu. Nyumba ya mji iliungua ndani yote. Zikabaki kuta na mnara. Watu waliijenga tena. Huko Bruges, mwaka 1792, wanamapinduzi waliangusha sanamu za watawala zilizokuwa ukutani. Baadaye nyingine zikachongwa. Katika mji wa Louvain, mwezi wa Agosti 1914, askari Wadachi walichoma maktaba ya chuo kikuu na nyumba nyingi sana, lakini nyumba ya mji, iliyomalizika mwaka 1469, iliokoka. Mji wa Ypres haukupata bahati hiyo. Ukumbi wake mkubwa wa wafanyabiashara wa vitambaa, uliomalizika mwaka 1304, uliteketea mwezi wa Novemba 1914, na mizinga ya vita ikausaga hata mwisho. Waliujenga upya jiwe kwa jiwe. Kazi ilimalizika mwaka 1967 tu. Watoto walimaliza kazi iliyoanzishwa na baba zao. Nani angechoka namna hiyo kwa ajili ya nyumba ambamo hakuwahi kukaribishwa?

Lakini kukaribisha si kuacha mlango wazi tu. Walinzi wa nyumba za namna hii wanawajua adui zao. Adui wa kwanza ni moto: chini ya dari ya mbao kavu, mshumaa mmoja na jiko moja ni hatari ya miaka mia sita. Wa pili ni unyevu: watu wengi wakikaa saa nyingi, pumzi yao inageuka maji ukutani, na rangi za picha zinaanza kubanduka, kwa hiyo wageni wanahesabiwa mlangoni. Wa tatu ni mkono wa mpambaji, maana msumari mmoja unaharibu kazi ya fundi aliyekufa zamani. Basi mapambo yanasimama kwa miguu yake yenyewe, hayatundikwi ukutani. Wa nne ni chakula na mvinyo: vinatengenezwa katika chumba kingine. Wa tano ni haraka ya kuondoka: viti vinabebwa, havikokotwi. Tena kabla ya siku yenyewe, wenye sikukuu wanatia sahihi: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na nani atalipa kitakachovunjika. Iko tena desturi ya sauti. Ukumbi mrefu wa dari ya juu unarudisha sauti, na maneno yanakanyagana. Kwa hiyo msemaji mwenye akili anasema polepole, tena anasema machache. Nami najitahidi.

Nilisema pia kwamba walishindwa mahali pengine, na sikukuu haituruhusu kuficha ukweli. Hapo mwanzo nyumba hizo hazikuwa za wote. Matajiri wa biashara walikaa kwenye viti. Mafundi na wafuma nguo walipashwa kugombana ili wasikilizwe. Na sisi tunalo neno letu. Kuta za ukumbi wa Bruges zimepakwa picha kubwa za historia ya mji, kazi ya Albert De Vriendt na ndugu yake Juliaan, tangu mwaka 1895 hata 1905. Picha ni nzuri. Lakini miaka ile ile, katika nchi hii iliyokuwa chini ya mfalme Léopold II, babu zetu walikuwa wakilazimishwa kukata mpira msituni, na wengi hawakurudi kijijini. Hakuna ukuta wa nyumba ile unaowataja. Sisemi hivi ili kuamsha chuki siku ya furaha. Nasema ili tujue kwamba uzuri wa nyumba hauwezi kuhesabia haki matendo ya wenye nyumba. Nyumba inakuwa ya wote pale tu ambapo yule asiye na sauti anapata kiti.

Basi tuseme nini juu ya sale yetu, ya matafali na mabati? Kufuli peke yake haiwezi kuichunga, kwani nyumba isiyoingiwa inaliwa na mchwa, na siku paa litakapoanguka hakuna atakayelia. Pesa peke yake nayo haiwezi, kwani ikipangishwa kwa mwenye pesa tu, mjane aliyebeba matafali kichwani wakati wa kuijenga atasimama nje dirishani, akiangalia ngoma ya wengine.

Naomba mambo matatu. La kwanza, kanuni ziandikwe na kubandikwa mlangoni: moto, idadi ya watu, saa ya kumaliza, malipo ya kilichovunjika, na zimfunge mkubwa sawasawa na mdogo. La pili, mlinzi awekwe, apewe mshahara wake, na aheshimiwe anapomkataza mtu. La tatu, kila mwezi siku moja iachwe bila malipo kwa wale wasioweza kulipa, kwa ndoa zao na matanga yao. Wazee wa parokia wanakutana juma lijalo. Nawasihi wasiachane kabla neno hili halijakatwa.