Dipoziti ya Nyumba ni Amana



Mpangaji anayehama Bulapesa kwenda Kiwanjani hutakiwa kulipa dipoziti mpya kabla ya kurudishiwa ile ya kwanza. Asiporudishiwa, huenda karo ya mtoto ikakosekana.

Dipoziti si kodi wala zawadi. Ni amana ya kufidia kodi isiyolipwa au uharibifu. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu wa kawaida. Mlango uliovunjwa ni uharibifu.

Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Zaidi ya hapo, mkataba ndio nguzo. Kwa hiyo kiasi cha dipoziti, muda wa notisi na siku ya kuirudisha viandikwe, pande zote zitie sahihi. Siku ya kuingia, nyumba ipigwe picha, na ujumbe wa M-Pesa uhifadhiwe. Mwenye nyumba akikata pesa za ukarabati, atoe risiti.

Wasipoelewana, mzee wa mtaa awapatanishe. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hata bila wakili, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60.

Maandishi ya leo huzuia ugomvi wa kesho.