Foto yetu ifunguke kwa kila mutu: maneno tuliyosema mbele ya wandugu wa Butembo

Leo hatuzungumzi juu ya maandamano, wala barua kwa meya. Tunazungumza juu ya foto. Muko munacheka, lakini ngojeni.

Mwezi uliopita tulienda kuona ile daraja ya mbao wanafunzi wanapita kila asubuhi. Mbao tatu zilikuwa zimevunjika. Ndugu mmoja akapiga foto nzuri sana na iPhone yake, tukazituma kwa mwandishi wa habari wa redio, kama "Document", ili WhatsApp isizipunguze. Akajibu: hazifunguki. Tukatuma tena, mega zikaisha, hazifunguki. Kiisha siku tatu mukubwa mmoja akapita ku redio kusema daraja iko sawa, hakuna ushahidi. Na ushahidi ulikuwa mu mfuko wetu!

Shida ilikuwa hii. Tangu 2017 iPhone inaweka foto kwa namna inaitwa HEIC. Si mubaya: inakamata karibu nusu ya nafasi ya JPG. Lakini ordinatere ya zamani, sawa ile ya redio, haiijui. JPG iko tangu 1992, inafunguka karibu kila mahali.

Mmoja wetu alidhani amepata dawa: akafuta ".heic" ku jina, akaandika ".jpg". Ukiandika "sukari" ku mfuko wa chumvi, chai haitakuwa tamu. Jina limebadilika, fishie ni ile ile.

Njia ya kweli iko mu telefone yenyewe. Ingia "Réglages", kiisha "Appareil photo", kiisha "Formats", chagua "Le plus compatible". Kuanzia hapo kila foto inatoka JPG. Zile za zamani, ziweke mu "Fichiers", finya juu ya foto bila kuachilia, tafuta "Actions rapides", kiisha "Convertir l'image". Haiombi hata mega moja. Zile site za intaneti zinazosema zitakubadilishia bure, tuziache. Foto ya kamarade inaenda kukaa kwa mutu tusiyemjua.

Sasa jambo linalotuuma zaidi. Ndani ya foto kuna maandishi yasiyoonekana: siku, saa, aina ya telefone, na kama localisation iko wazi, mahali penyewe ulisimama. Wengi wanadhani ukibadilisha HEIC kuwa JPG hayo yanabaki nyuma. Hapana, mara nyingi yanahama pamoja na foto. Ukituma ku WhatsApp kama foto ya kawaida, WhatsApp inayaondoa. Ukituma kama "Document", yanaenda yote.

Tulijifunza hivyo vibaya. Dada mmoja alipiga foto ya komunike yetu juu ya meza ya nyumba yao. Sisi wenyewe tukaituma kama "Document" mu grupe ya watu wengi. Jioni mutu akatuandikia jina la avenue yao. Dada alilala kwa shangazi yake majuma mawili. Kosa lilikuwa letu, hatuna wa kulaumu.

Njo maana tumepatana hivi: foto ya kwanza haiguswi, inabaki kwa aliyeipiga. Tunafanya kopi, ni kopi ndiyo inatembea. Ku iPhone, mbele ya kutuma, finya "Options" na zima localisation. Foto ya kwanza tunampa mwandishi wa habari ao avoka peke yake, kwa sababu siku na mahali vinamsaidia kuhakikisha. Wengine kati yetu walitaka tuzime localisation kabisa. Tulibishana sana. Mwisho tukasema: ku daraja na ku barabara iache wazi, ndani ya nyumba na penye watu, zima.

Na sura za watoto, zifunike na rangi nyeusi yote. Ile ya ukungu-ukungu wakati mwingine inaacha mutu anatambulika.

Kuhusu komunike, ni maandishi, basi iandike kama message. Haina uzito. Kama lazima iwe picha, iwe PNG, juu JPG inavuruga pembe za herufi, na kila mara inapohifadhiwa upya inapoteza kidogo. Mumeona zile komunike zimepita mu grupe kumi, hata tarehe haisomeki.

Foto za daraja tulizituma tena, nne, JPG. Mwandishi alizifungua palepale. Lakini mbao tatu bado hazijarudishwa, na mvua haijaisha. Tunarudi pale siku ya posho, saa moja ya asubuhi, wakati wanafunzi wanapita. Mukuje na telefone zenye moto. Wenye iPhone, mubadilishe ile "Formats" sasa hivi, mbele ya kutoka hapa.